Uchambuzi wa kisa: PhD ya majaruba ya Ghuba ya Speke na huduma za ikolojia zilizopotea kwenye ramani

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa PhD aliyekuwa anafanya utafiti wa mabadiliko ya matumizi ya mashamba na huduma za ikolojia kwenye kijiji kimoja cha mwambao, mkoa wa Mwanza, upande wa Ghuba ya Speke. Jina la kijiji, chuo, watu na miaka ya fildi nimeviondoa, nitamwita mtafiti tu. Kazi yake niliifuatilia kwa karibu toka ikiwa proposo mpaka anaitetea, na naiandika kwa ajili ya wanafunzi wanaoingia fildi za namna hii Kanda ya Ziwa, manake yaliyomkuta yeye yanawakuta wengi na wengi hawagundui kabisa, tasnifu inapita na ramani inaenda kukaa kwenye makabati ya watu kama ukweli.

Usuli wa eneo

Ukiacha barabara ya Mwanza–Musoma ukashuka kuelekea maji unapita ngazi za udongo ambazo Wasukuma wana majina yake toka zamani. Juu kwenye mawe na miteremko kuna luseni, kichanga chepesi cha mihogo na viazi vitamu, na enzi za bei nzuri ya pamba huku juu kulikuwa kweupe pamba tupu. Chini yake itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji, alafu mbuga yenyewe, udongo mweusi unaonata kama ulimbo mvua ikinyesha na kiangazi unapasuka nyufa mguu unaingia. Itogolo na mbuga ndo nchi ya majaruba, vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo. Baada ya hapo kuna ukanda wa matete na mafunjo, mwembamba sehemu nyingine na mpana sehemu nyingine, kisha ziwa.

Miaka ya karibuni mambo mawili yamebadilisha sura ya mahali hapa. Pamba imeyumba na watu wengi wamehamishia nguvu kwenye mpunga, kwa hiyo majaruba yameshuka mpaka sehemu zilizokuwa malisho na matete. Alafu zimekuja pampu ndogo za petroli, mtu anavuta maji ya ziwa analima nyanya, tikiti na vitunguu kiangazi chote, na baadhi ya wenye pampu sio wakazi, wanakodi wakiwa mjini.

Swali la mtafiti lilikuwa zuri na bado naliona zuri: mashamba yanavyobadilika, huduma zinazotokana na ikolojia zinabadilikaje? Alifuata mgawanyo uliotumika kwenye Tathmini ya Mifumo Ikolojia ya Milenia ya mwaka 2005, ule wa makundi manne, yaani vitu tunavyovuna kama chakula, maji na majani, udhibiti kama kuchuja maji na kuzuia mmomonyoko, mambo ya utamaduni, na zile kazi za chini zinazobeba yote kama kutengenezeka kwa udongo.

Mpango wa mwanzo na sababu zake

Alichukua picha za setilaiti za Landsat za vipindi vitatu, mmoja wa miaka ya 1990, mwingine 2006 na wa mwisho 2020, zote za Julai na Agosti. Sababu ya miezi hiyo inaeleweka, masika yetu ni mawingu matupu na ukitaka picha safi unakwenda kiangazi. Sababu ya Landsat nayo inaeleweka, ndo hazina ndefu kuliko zote, imeanza 1972 na toka 2008 ni bure kwa kila mtu. Akaainisha ardhi katika madaraja machache: maji, ardhioevu, shamba, vichaka, makazi na ardhi tupu. Akapima usahihi kwa kulinganisha na picha kali za Google Earth na matokeo yakawa mazuri, supavaiza akaridhika.

Kwenye huduma alifanya mambo mawili. Mmomonyoko alitumia modeli ya InVEST inayokokotoa udongo unaofika kwenye maji kutokana na mvua, mteremko, aina ya udongo, kilichofunika ardhi na hatua za hifadhi. Huduma nyingine alizipa thamani ya fedha kwa kuchukua viwango vya dola kwa hekta kutoka kwenye tafiti za kimataifa na kuzidisha na eneo la kila daraja. Njia hii ilipata umaarufu sana baada ya makala ya Costanza na wenzake ya 1997 iliyokadiria huduma za ikolojia za dunia nzima kuwa kama dola trilioni 33 kwa mwaka, na wanafunzi wengi wanaipenda kwa kuwa inatoa namba moja inayoingia vizuri kwenye muhtasari.

Upande wa watu alikuwa na dodoso kwa wakuu wa kaya, majina yaliyotoka kwenye orodha ya ofisi ya mtendaji. Vibali vyote alikuwa navyo, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), mkoa, wilaya, mpaka kijijini.

Sioni uvivu hapo. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una utetezi wake, bajeti ndogo, muda mfupi, na ndivyo makala nyingi zinavyofanya. Tatizo lilikuwa maamuzi hayo yakikaa pamoja.

Kilichotokea

Ramani ya kwanza ilionyesha hivi: toka miaka ya 1990 hadi 2006 ardhioevu imepungua sana na mashamba yameongezeka, alafu kati ya 2006 na 2020 mashamba ya mwambao yamepungua na maji pamoja na ardhioevu vimerudi. Juu kidogo, kwenye mbuga, sehemu kubwa ikasomeka kama ardhi tupu au shamba lililoachwa. Mtafiti akaanza kuandika sura inayosema huenda sheria ya mazingira, ile inayokataza shughuli karibu na ufuko, imefanya kazi, kwamba watu wameondoka mwambaoni na ikolojia inapona.

Kabla ya kuandika zaidi akarudi kijijini kutoa mrejesho. Hili halikuwa sharti la chuo, alilipigania mwenyewe kwenye bajeti, na kwangu ndo uamuzi bora kuliko yote kwenye utafiti ule. Alibandika ramani kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji na akaomba waje na kina mama na wachungaji, sio wale waliojibu dodoso peke yao.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe alikuwa wa kwanza. Akauliza ile rangi ya kahawia ni nini, akajibiwa ni shamba lililoachwa. Akasema, "Hapana mwanangu, hapo hakuna aliyeacha kitu. Hapo mvua zikiwepo kuna mpunga, zikikatika kuna dengu, dengu zikitoka tunaingiza ng'ombe mabua. Wewe umekuja Agosti umetukuta tunachunga." Watu wakacheka kidogo lakini yeye hakuwa anatania, akaendelea kueleza nani anaruhusiwa kuingiza ng'ombe kwenye jaruba la nani na baada ya tarehe gani, utaratibu mzima ambao kwenye dodoso haukuwa na hata swali moja.

Alafu kina mama. Mmoja akauliza kwa heshima kabisa, "Samahani mwalimu, matete yetu yako wapi hapa?" Kwenye ramani hayakuwepo. Ule ukanda wao wanakokata mafunjo ya majamvi, wanakochimba udongo wa kufinyangia, wanakochota maji, ulikuwa umemezwa nusu na rangi ya maji na nusu na rangi ya shamba. Ni hesabu tu, pikseli ya Landsat, yaani kile kimraba kidogo kabisa kinachounda picha, ni mita 30 kwa 30, mita za mraba 900, karibu robo eka, sasa ukanda wa matete wenye upana wa mita 15 au 20 hauwezi kujaza pikseli hata moja. Na majaruba mengi ya pale ni madogo kuliko hiyo pikseli.

Mvuvi mmoja ndo akamalizia kwenye ile hadithi ya ikolojia kupona. Akasema 2006 ziwa lilikimbia, kina kilishuka mpaka mitumbwi ikawa inaburutwa kwenye tope, na watu wakalima kwenye tope lile lile lililobaki wazi. 2020 ziwa likarudi na kupita pale lilipokuwa, likameza mashamba, vyoo na hata nyumba za watu. Hakuna aliyeondoka kwa ajili ya sheria, waliondolewa na maji. Na ni kweli kabisa, Ziwa Victoria lilishuka sana mwaka 2006, na Mei 2020 lilipanda mpaka usawa ambao ulikuwa haujapata kurekodiwa. Mtafiti alikuwa amechagua bila kujua mwaka ambao ziwa liko chini sana na mwaka ambao liko juu sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwenye ukanda ule ilikuwa kupumua kwa ziwa lenyewe.

Mkutano ukaisha jioni. Ile ramani ikabaki ukutani kwa sababu mwenyekiti aliiomba, na hapo pana jambo lake nitalirudia.

Maamuzi baada ya mrejesho

Supavaiza alishauri aweke maelezo kwenye sehemu ya mapungufu na aendelee, muda ulikuwa unamwishia. Yeye akakataa kwa adabu akaomba muda zaidi. Gharama yake haikuwa ndogo, ufadhili ulikuwa na mwisho wake na miezi ya mwisho alijilipia.

Jambo la kwanza, alitenganisha kilichofunika ardhi na matumizi ya ardhi. Kwa miaka ya karibuni akachukua picha za Sentinel-2, setilaiti iliyoanza 2015 na yenye pikseli ya mita 10, akatafuta picha za kila msimu na sio moja ya kiangazi, masika ilikuwa kazi kuvizia siku isiyo na wingu lakini kwa kuunganisha picha nyingi alipata. Eneo linalosomeka maji Machi, kijani Mei, na tupu Septemba akalipa daraja lake: jaruba la mzunguko. Kwa miaka ya 1990 hakuwa na picha za kutosha kufanya hivyo na hakujilazimisha, akapunguza madaraja na kupunguza madai. Kuna wanafunzi wangetumia madaraja yale yale ili jedwali lipendeze.

Pili, ardhi iliyo kati ya ufuko wa 2006 na ufuko wa 2020 aliitoa kwenye hesabu za mabadiliko ya kilimo, akaifanya ukanda wa peke yake ambao maji yanaenda na kurudi, akaueleza kwa maneno na kwa vipimo vya usawa wa ziwa.

Tatu ni modeli. Kwenye hesabu za mmomonyoko kuna kipengele cha hatua za hifadhi ambacho usipokigusa kinakaa moja, maana yake mkulima hajafanya chochote kuzuia udongo. Jaruba lina kingo pande zote! Maji yanayotoka luseni juu yanatuama humo, tope linashuka, na kinachotoka ni maji yaliyotulia. Modeli ya mwanzo iliyachukulia majaruba sawa na shamba la tikiti lililotifuliwa mpaka ukingo wa ziwa. Alipoirekebisha picha ikageuka, udongo mwingi unaofika ziwani ukaonekana unatoka kwenye luseni zilizolimwa bila makinga maji pamoja na bustani za pampu zilizofyeka matete. Hapa alihakikisha kwa macho pia, akaenda siku za mvua kuangalia rangi ya maji kwenye mifereji, njia ya kizamani lakini hakuna modeli inayoipita.

Nne, kazi ya watu aliifanya upya kwa vikundi. Wakata mafunjo na wafinyanzi peke yao, wachungaji peke yao tena baada ya kurudi na mifugo, wavuvi wa ndoano wa kwenye matete peke yao. Hapo ndo vikatoka kambale na kamongo wanaozaliana na kujificha kwenye majani, na furu wadogo ambao sangara aliwapunguza sana ziwani lakini kwenye mafunjo wanapata pa kujificha kwa kuwa sangara hapendi maji yenye hewa kidogo. Na vikatoka vya upande wa pili ambavyo jedwali lake halikuwa na safu yake: mbu wa majarubani, na kichocho, manake konokono wanaobeba kichocho wanakaa kwenye majani hayo hayo ya mwambao ambako mama anafua na mtoto anaogelea. Kanda ya Ziwa tunakijua kichocho, huwezi kuandika uzuri wa matete ukanyamaza hilo.

Tano, aliondoa jedwali la dola, akabakiza thamani ya vitu vinavyouzwa kweli, mpunga, dengu, majamvi, kambale, kwa bei za mnada na za mwaloni, soko la samaki la ufukoni, alizokusanya mwenyewe. Vingine akaviacha kwenye vipimo vyake, tani za udongo, miezi ya malisho, urefu wa ukanda.

Matokeo

Alitetea, akapita na marekebisho. Mtahini mmoja alilalamika kukosa thamani ya jumla ya huduma zote na alitaka irudishwe, yeye akajibu kwa maandishi kwa nini kiwango cha ardhioevu cha nchi nyingine hakiwezi kuvaa mbuga inayobadilika mara tatu kwa mwaka, na jibu likakubaliwa.

Kijijini mambo hayakwenda vizuri hivyo. Ile ramani ya kwanza iliyobaki ukutani ilitumika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa na kingo za mito. Baadhi ya viongozi walichukua ramani ile wakaanza kupima mita 60, na waliotakiwa kung'oa mazao kwanza walikuwa kina mama wa bustani za mchicha na nyanya, vipande vidogo vinavyomwagiliwa kwa ndoo. Bustani kubwa za pampu za waliokodi kutoka mjini hazikuguswa.

Mtafiti alipopata habari alirudi na ofisa ardhi wa wilaya, wakaeleza kwamba ramani ile ni rasimu na haifai kazi hiyo, akaiondoa na kuacha mpya yenye maelezo makubwa juu yake. Upimaji ukasimama. Lakini baadhi ya mazao yalikuwa yameshang'olewa na hakuna aliyefidiwa.

Uchambuzi

Kitu kilichookoa utafiti huu ni mrejesho kuja kabla ya hitimisho. Tumezoea kurudi kijijini mwishoni na kitabu kilichofungwa, tunapiga picha na mwenyekiti, basi. Yeye alirudi ramani ikiwa bado inaweza kukosolewa, na akaalika watu ambao orodha ya wakuu wa kaya ilikuwa imewaficha. Orodha ile ilikuwa na wanaume wengi, na mwanaume wa pale ukimuuliza faida ya mwambao atakwambia mpunga na samaki, hatataja mafunjo wala udongo wa vyungu kwa kuwa sio kazi yake. Wachungaji nao kipindi cha dodoso walikuwa mbali na mifugo. Ukifanya takwimu safi sana juu ya orodha hiyo unapata jibu safi ambalo nusu ya huduma hazimo.

Usahihi wa ramani nao unahitaji kutazamwa kwa makini. Ramani ya kwanza ilikuwa sahihi kwa kipimo chake, ardhi ile Agosti ilikuwa tupu kweli, na picha za Google Earth alizolinganishia nazo zilikuwa za kiangazi pia, kwa hiyo zikakubaliana. Asilimia ya usahihi inakwambia kama umesoma vizuri picha uliyonayo, haikwambii kama picha hiyo inajibu swali lako. Mambo ya huduma za ikolojia yanaishi kwenye msimu, dengu ni huduma ya unyevu uliobaki, malisho ni huduma ya mabua, kambale ni wa siku ambazo jaruba na ziwa vimeshikana, na ukichukua tarehe moja umechagua huduma moja na kuzifuta nyingine.

Lililoshindikana zaidi ni la ramani kubaki ukutani, na hapa nina msimamo mkali. Mita 60 kwenye ramani ya Landsat ni pikseli mbili. Ukikosea pikseli moja umekosea nusu ya ukanda mzima wa sheria, yaani riziki ya mtu iko ndani ya kosa la kawaida kabisa la kipimo. Na hizo mita 60 zinapimwa kutoka ufuko upi, wa 2006 au wa 2020? Kati ya fuko hizo mbili kuna mashamba. Hakuna kamati ya maadili iliyomuuliza mtafiti swali hilo, fomu zilijaa maswali ya ridhaa ya mahojiano na usiri wa majina, hakuna swali la nani ataishika ramani na ataifanyia nini. Ningependa vyuo vyetu viliweke, na kila rasimu inayoachwa kijijini iandikwe juu kabisa kwa Kiswahili kikubwa kwamba haipimi mipaka.

Uamuzi wa kuacha jedwali la dola bado una wapinzani, wanasema bila fedha hakuna ofisi ya serikali itakayosikiliza. Naelewa hoja hiyo. Ila kwenye kikao cha wilaya kilichofuata, kilichosikilizwa ni ile hesabu ya udongo inayotoka kwenye bustani za pampu, kwa sababu ofisa kilimo angeweza kwenda kuiona kwa macho, na kutokana nayo ndo likaja pendekezo kwamba mwenye pampu aache ukanda wa matete mbele ya bustani yake kabla hajaruhusiwa kuvuta maji.

Kamati ya mazingira ya kijiji imelipokea pendekezo hilo. Wakazi wenye pampu wawili watatu wameanza kuacha matete yaote tena. Waliokodi kutoka mjini bado, mikataba yao ya kukodi imeandikwa na wenye ardhi binafsi na kijiji hakikuhusishwa, na hapo ndipo mjadala ulipo mpaka sasa: nani ana sauti juu ya matete yanayoota mbele ya shamba la kukodi, mwenye shamba, aliyekodi, au mama aliyekuwa anayakata toka zamani.